Pikapu Mpya Inasumbua Gia Texas: Mwongozo Kamili wa Kudai Ubadilishiwe Gari au Urudishiwe Fedha

Wengi wanaoshindwa kwenye madai haya magari yao ni mabovu kweli. Kinachowaangusha ni karatasi. Mtu amepeleka pikapu kwa dila (muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda cha gari) mara 5, lakini mara 2 alirudi mikono mitupu bila hati yoyote, na mara 1 hati imeandikwa "kubadilisha oili ya injini" huku suala la gia halikutajwa. Siku ya kusikilizwa anahesabiwa ziara 2, na sheria inataka 4.

Kwa hiyo sehemu ndefu kuliko zote humu ni ya kaunta ya dila. Pale ndipo kesi inapojengwa au kubomoka.

Mwongozo huu ni wa Texas, ambako malalamiko hupelekwa kwa Idara ya Magari ya jimbo, TxDMV, kwa ada ya dola 35 na bila kulazimika kuweka wakili. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake ya magari mabovu, ile ambayo Wamarekani huiita sheria ya limau. California, kwa mfano, ina kipimo cha miezi 18 au maili 18,000. Ukiwa jimbo jingine, hatua ya 2 hadi ya 4 zitakufaa zilivyo. Tarehe na vipimo tafuta vya kwenu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mkataba wa kununua au kukodisha gari, wenye bei kamili, kodi, na tarehe uliyokabidhiwa gari.
- Kitabu cha waranti (dhamana ya kiwanda) kilichokuja na gari. Anwani ya kiwanda ya kupokea notisi imo humo.
- Daftari dogo linalokaa ndani ya gari, na kalamu.
- Simu yenye kamera, na kishikio cha kuibana kwenye dashibodi.
- Kisoma kodi za makosa (namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi ikiona hitilafu) cha kuchomeka chini ya usukani. Vya bei nafuu vinatosha.
- Faili moja ya karatasi na folda moja ya simu, kwa ajili ya hati zote za matengenezo.
- Risiti za kila sevisi, hata ya oili uliyobadilisha kwa fundi wa mtaani.

Risiti za mwisho hizo watu huzidharau. Kiwanda kikisema gari halikutunzwa, ndizo zitakazokujibia. Sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya 1975 hairuhusu waranti ikataliwe kwa sababu tu ulibadilisha oili nje ya dila, lakini lazima uweze kuonyesha kwamba ilibadilishwa.

## Hatua ya 1: Soma saa yako ya maili

Sheria ya Texas inaangalia miezi 24 au maili 24,000 tangu ulipokabidhiwa gari, chochote kinachotangulia. Ziara zinazohesabika ni zilizofanyika ndani ya muda huo.

Kwa mwenye pikapu ya kazi, maili hutangulia karibu kila mara. Dallas hadi Houston ni kama maili 240. Safari 50 za kwenda na kurudi zinakumaliza maili 24,000, na mtu anayebeba mizigo anaweza kuzimaliza kabla ya mwaka. Usihesabu kwa kalenda peke yake.

Malalamiko yafike TxDMV kabla ya kupita miezi 6 tangu kinachotangulia kati ya hivi: kuisha kwa waranti, kutimia miezi 24, au kutimia maili 24,000. Andika tarehe hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Gari lililonunuliwa likiwa limetumika halipati fidia kamili ya sheria hii, ila lina njia nyingine, tazama mwishoni. Kasoro iliyosababishwa na ajali, uzembe, au mabadiliko ambayo kiwanda hakikuyaruhusu haihesabiwi. Hivyo kama umebadilisha programu ya injini ili gari liwe na nguvu zaidi, au umeliinua na kulifunga matairi makubwa mno, jua kwamba hilo litakuwa swali la kwanza la upande wa pili.

## Hatua ya 2: Upe ugonjwa wa gia jina lake

"Gia zinasumbua" hakumsaidii fundi wala afisa atakayesikiliza shauri. Kasoro za giaboksi za otomatiki kwenye pikapu za siku hizi huja kwa sura chache zinazojulikana:

Kutetemeka kwenye mwendo wa utulivu. Unakwenda maili 45 kwa saa, mguu mwepesi kwenye mafuta, na gari linatetemeka kama linapita kwenye mawimbi ya barabara ya changarawe. Ukikanyaga zaidi, linaacha. Mara nyingi chanzo ni klachi inayoshika na kuachia ndani ya toku konvata, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Kwenye giaboksi za gia 8 za General Motors ilionekana kuwa oili ya awali ilikuwa inanyonya unyevu, na tiba ikawa kusafisha mfumo mzima na kuweka oili ya aina nyingine. Kumwaga na kujaza tu hakutoshi, maana oili nyingi ya zamani hubaki ndani ya konvata.

Kugonga wakati wa kubadili. Gari linapigwa teke kutoka nyuma, hasa asubuhi likiwa baridi, au unapopunguza mwendo karibu na taa za barabarani. Kwenye giaboksi za gia 10 za Ford zinazoitwa 10R80, chanzo kimoja kinachofahamika ni bushi ndani ya dramu moja ya klachi kuhama mahali pake na kuvuruga presha ya oili.

Kuteleza. Injini inapanda mizunguko, gari haliongezi mwendo.

Kuchelewa kushika. Unaweka D au R, unahesabu sekunde 2 au 3, kisha linashika kwa kishindo.

Kushuka gia ghafla au kupoteza gia barabarani. Hii ni hatari ya maisha na ina kipimo chake katika sheria. Mwaka 2024 Ford iliita zirudishwe kutengenezwa pikapu zipatazo 550,000 za F-150 za 2014 kwa sababu giaboksi iliweza kushuka hadi gia ya kwanza bila dereva kutaka. Mwaka huohuo General Motors iliita magari ya dizeli yapatayo 460,000 ya 2020 hadi 2022, ambayo vavu moja ndani ya giaboksi iliweza kuchakaa, presha ikashuka, na magurudumu ya nyuma yakajifunga. Likikutokea mara moja, toka barabarani na uite gari la kuvuta. Usilijaribu tena ili upate video.

Kila tukio liandike hivi: tarehe, maili, injini baridi au moto, mwendo, gia ilitoka wapi kwenda wapi, mzigo au trela, kilichotokea. Mstari mmoja unatosha:

*Machi 3, maili 6,212, asubuhi baada ya kulala nje, maili 20 kwa saa, gia 3 kwenda 4, bila mzigo, kishindo kikubwa, abiria alishtuka.*

Video nzuri ni ya sekunde 30, simu imebanwa kwenye kishikio, ikionyesha mshale wa mizunguko na mwendo kwa pamoja. Usishike simu huku unaendesha.

Ukichomeka kisoma kodi, piga picha ya kilichotokea kabla ya kitu kingine chochote. P0700 ni taarifa tu kwamba kompyuta ya gia imeona kosa; P0730 ni uwiano wa gia usio sahihi; P0741 inahusu klachi ya konvata. Usifute kodi. Ukizifuta, dila atakuta gari safi na ataandika kwamba hakuona tatizo.

Umefaulu hatua hii ikiwa mtu asiyejua gari lako anaweza kusoma daftari na kujua alifanye nini ili kasoro itokee.

## Hatua ya 3: Tafuta namba yako ya chasisi

Nenda nhtsa.gov, tovuti ya shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, na uingize namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Utaona kama kuna wito wa kurudisha gari ambao haujafanyiwa kazi. Papo hapo ripoti kasoro yako. Ni bure, na ripoti nyingi zinazofanana ndizo huamsha uchunguzi.

Kisha tafuta nyaraka za kiufundi ambazo kiwanda kimewatumia madila kuhusu giaboksi yako. Tovuti hiyohiyo huziweka. Waraka wa aina hiyo haukupi haki ya kurudishiwa fedha, lakini ni ushahidi kwamba kiwanda kinaijua kasoro. Uchapishe, uende nao.

## Hatua ya 4: Kaunta ya dila

Nenda kwa dila aliyeidhinishwa na kiwanda cha gari lako. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko wote, ila ziara zake hazihesabiwi, na giaboksi ikishafunguliwa nje wakati wa waranti umejitafutia mgogoro mwingine.

Nenda na maneno yako yameandikwa. Mpokeaji wa kaunta hufupisha. Unaeleza dakika 5, yeye anaandika "mteja anasema gari linakwenda vibaya". Andaa karatasi yenye mistari 3 au 4 kwa Kiingereza. Kama hujakizoea, kijana wa nyumbani akusaidie. Iseme kasoro ni ipi, hutokea wakati gani, tangu maili ngapi, na kwamba hii ni mara ya ngapi unaileta. Omba maneno hayo yaingizwe kama yalivyo, na karatasi ibanwe kwenye hati.

Tumia maneno yaleyale kila ziara. Sheria inahesabu majaribio ya kutengeneza kasoro *ileile*. Ukisema "kutetemeka" Januari, "kelele" Machi na "gari zito" Mei, utaambiwa ni kasoro 3 tofauti, kila moja na ziara 1. Hapa ndipo madai mengi yanapokufa, na inauma kwa sababu gari ni lilelile na giaboksi ni ileile.

Omba kupanda gari pamoja na fundi. Kasoro ya asubuhi baridi haitaonekana saa 8 mchana Juni. Acha gari lilale kwa dila na uandike kwenye hati: lijaribiwe likiwa limelala usiku kucha.

Usiondoke bila hati ya ufunguzi. Soma kabla ya kusaini. Iwe na tarehe ya kuingia, maili, na malalamiko yako. Unapochukua gari, chukua hati ya kufunga yenye tarehe ya kutoka, maili, alichokuta fundi, alichofanya na vipuri alivyoweka. Linganisha:

*Hati mbovu:* "Kagua gia. Inafanya kazi kawaida."

*Hati nzuri:* "Mteja anaripoti kishindo gia 3 kwenda 4 injini ikiwa baridi, maili 20 kwa saa, ziara ya 3. Fundi alijaribu gari likiwa limelala usiku. Kompyuta ya gia imewekewa programu mpya."

Hata ukiambiwa "hatukuona kitu", bado ni ziara, mradi malalamiko yako yameandikwa. Anayekuambia "hakuna haja ya hati kwa kuwa hatukufanya chochote" anakunyang'anya ushahidi wako, pengine bila kukusudia. Simama palepale, kwa upole, mpaka hati itoke.

Jibu jingine la kawaida: "Kompyuta inajifunza upya, endesha maili 500 kisha urudi." Kujifunza upya ni jambo la kweli, giaboksi hizi hurekebisha ubadilishaji wake kadiri unavyoendesha. Endesha. Kasoro ikibaki, rudi, na ziara hiyo ihesabiwe mpya kwa hati mpya.

Gari la kuazima lina gharama yake. Siku ambazo dila amekupa gari linalolingana na lako hazihesabiwi katika kipimo cha siku 30 (tazama hatua ya 5). Ukilihitaji lichukue, lakini andika siku hizo pembeni.

## Hatua ya 5: Pima gari kwa vipimo vitatu

Unahitaji kupita kimoja tu, na kasoro iwe bado ipo.

Mara 4. Umelipeleka kwa dila mara 4 kwa kasoro ileile ndani ya miezi 24 au maili 24,000, na haijapona. Hiki ndicho cha kutetemeka na kugonga.

Hatari kubwa ya usalama. Mara 2 zinatosha ndani ya muda huohuo, kama kasoro inahatarisha maisha au inazuia sana uwezo wa kulitawala gari. Kupoteza gia kwenye barabara kuu, au kushuka gia ghafla, kunaingia hapa.

Siku 30. Gari limekaa kwa dila jumla ya siku 30 au zaidi ndani ya muda huo, si lazima mfululizo. Giaboksi inayosubiri vipuri huzifikisha upesi.

Zaidi ya hapo, isipokuwa kwa kasoro ya hatari kubwa ya usalama, lazima kasoro iwe inapunguza sana matumizi ya gari au thamani yake sokoni. Kwa giaboksi hili si gumu: uliza ni mnunuzi gani atakayelipa bei kamili kwa gari linalopiga teke kila asubuhi.

## Hatua ya 6: Barua kwa kiwanda

Barua hii huenda kwa kiwanda, siyo kwa dila. Wengi huipeleka kwa dila na kuamini wamemaliza. Bila notisi ya maandishi kwa kiwanda, na nafasi walau moja ya kutengeneza baada ya notisi, hupewi fidia.

Iandike kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: jina lako, namba ya chasisi, tarehe uliyokabidhiwa gari, maili ya sasa, kasoro kwa maneno yaleyale ya hati, orodha ya ziara kwa tarehe na maili, na sentensi moja kwamba unawapa nafasi ya kulitengeneza. Ambatisha nakala, hati asili zibaki kwako.

Itume kwa rejista yenye saini ya mpokeaji. Hifadhi risiti ya posta na kadi itakaporudi. Kupiga simu kwa huduma kwa wateja si notisi, hata ukipewa namba ya kesi.

Kiwanda kikiomba kulikagua gari au kumtuma mhandisi wake, kubali. Ukikataa, umewapa utetezi wa bure.

## Hatua ya 7: Malalamiko TxDMV

Jaza malalamiko ya sheria ya limau kwenye tovuti ya TxDMV, au kwa fomu ya karatasi, na ulipe dola 35. Ambatisha mkataba wa kununua, hati zote za matengenezo kwa mpangilio wa tarehe, nakala ya barua na uthibitisho wa posta.

Katika sehemu ya kueleza kasoro, usilalamikie taa ya mlango, redio na rangi pamoja na gia. Weka giaboksi mbele. Mambo madogo hufanya dai kubwa lionekane dogo.

Wakati wote huu:

- Endelea kulipa mkopo. Ukiacha, benki italichukua gari, na gari lililotwaliwa na benki halina dai.
- Usiliuze wala kulibadilisha kwa dila kwa gari jingine. Huwezi kurudisha usichokuwa nacho.
- Endelea kuandika daftari.

## Hatua ya 8: Suluhu na kusikilizwa

Kwanza mtumishi wa TxDMV hujaribu kuwapatanisha. Kiwanda huweza kutoa waranti ndefu zaidi au kiasi cha fedha ubaki na gari. Pima: waranti ndefu ya giaboksi isiyotengenezeka ni ziara nyingi zaidi kwa dila. Chochote utakachokubali kiwe kwenye maandishi, na usome kama unaacha haki ya kudai tena.

Msipopatana, shauri linasikilizwa na afisa wa TxDMV. Ushahidi ni kwa kiapo, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kama Kiingereza cha kisheria kinakulemea, omba mkalimani wa Kiswahili mapema kwa maandishi; usisubiri siku yenyewe.

Gari huweza kukaguliwa na kuendeshwa siku hiyo. Kwa hiyo lije likiwa na mafuta, bima na usajili halali, na taarifa zako zieleze namna ya kuitokeza kasoro. Ikiwa hutokea gari likiwa baridi, sema hivyo mapema ili liachwe lipoe kabla ya kuendeshwa. Mlete abiria aliyewahi kushuhudia.

Ukieleza, fuata tarehe. "Ziara ya kwanza, maili 3,900, hati hii hapa." Dakika 10 za namna hiyo zina nguvu kuliko saa nzima ya hasira, hata kama hasira ni ya haki.

Siku 150 zikipita tangu kuwasilisha malalamiko bila uamuzi, unaruhusiwa kwenda mahakamani.

## Hatua ya 9: Hesabu ya fedha

Ukishinda, uamuzi huwa wa kununuliwa gari, kubadilishiwa, au kutengenezewa. Likinunuliwa, unarudishiwa bei pamoja na kodi na ada za usajili, na hata dola 35 zako, ukiondoa matumizi uliyoyapata. Benki hulipwa deni lake kwanza, kinachobaki ni chako.

Makato ya matumizi hupigwa hivi: bei mara maili za kabla ya ripoti ya kwanza, gawanya kwa 120,000. Maili za baada ya ripoti hukatwa nusu tu.

Chukua pikapu ya dola 60,000, siku ya kusikilizwa ina maili 20,000.

Uliripoti kwenye maili 4,000: dola 2,000 kwa maili za kwanza, na nusu ya 8,000, yaani 4,000, kwa maili 16,000 zilizofuata. Jumla ya makato: dola 6,000.

Ulivumilia, ukaripoti kwenye maili 14,000: dola 7,000, na nusu ya 3,000, yaani 1,500. Jumla: dola 8,500.

Uvumilivu huo umekugharimu dola 2,500. Kishindo cha kwanza tu, nenda kwa dila.

## Kama hukufuzu

Gari limetumika, au maili zimepita? TxDMV ina malalamiko mengine ya kulazimisha kiwanda kitimize waranti. Haya hayana ada, na yanakupa matengenezo tu, si fedha. Sharti ni kwamba kasoro iwe imeripotiwa waranti ikiwa hai. Ford na Chevrolet za petroli zimekuwa na waranti ya injini na gia ya miaka 5 au maili 60,000, kwa hiyo pikapu yenye maili 45,000 ambayo haijatimiza miaka 5 bado ina nafasi.

Njia ya mahakama chini ya Magnuson-Moss nayo ipo, na ukishinda mahakama inaweza kuamuru kiwanda kilipe ada za wakili wako. Ndiyo maana baadhi ya mawakili huchukua kesi hizi bila kumtoza mteja mwanzoni. Muulize kabla ya kusaini: nikishindwa nitadaiwa nini, na nikishinda utakata kiasi gani? Nenda naye ukiwa na faili ileile, hati zimepangwa kwa tarehe.